Tuwapeleke Wapi Kulwa na Doto

Jumanne, 3 Juni
Nimechemsha uji wa mapacha. Nimefua sare zangu, shule imefungwa. Nimefuta damu kwenye ukuta wa jikoni kwa sabuni ya unga. Haitoki vizuri. Imebaki alama kama ya chai.

Jana baba alimrushia mama birika. Sababu: chumvi. Jino la mbele limekatika nusu. Mama akiulizwa atasema aliteleza bafuni. Kulwa na Doto wana miaka minne tu na tayari wanajua kusema "mama aliteleza".

Leo baba karudi mpole. Huwa hivyo siku ya pili yake. Kaleta tikitimaji. Kapata likizo, tutasafiri kama familia, na mahali nichague mimi kwa sababu nimesoma shule ya Kiingereza.

"Tafuta sehemu nzuri kwa watoto wadogo. Usiniletee ujinga."

Nikasema ndiyo baba. Sauti haikutoka. Nikarudia.

Alhamisi, 5 Juni
Nimesoma kurasa nyingi za Kiingereza. Wenzetu wameandika vizuri sana kuhusu kusafiri na watoto. Safari isiwe ndefu. Maji yawe ya kina kifupi. Zahanati iwe karibu. Chakula kiwe ambacho mtoto anakijua. Nimetafsiri yote kwenye daftari. Hakuna hata mmoja aliyeandika ufanyeje kama kitu cha hatari mnasafiri nacho ndani ya gari.

Baba anaipenda hoteli moja ya Lamadi, ufukweni kabisa. Vyumba vimeachana, kila kimoja kwenye miti yake. "Utulivu," kasema. "Hakuna jirani wa kuchungulia."

Hapa Bariadi tunakaa kota, ukuta kwa ukuta. Mama akilia, majirani wanaongeza sauti ya redio. Nawachukia. Lakini redio ikipanda najua kuna mtu kasikia. Kule hata redio hamna.

Chini ya masharti yote nimeongeza langu kwa penseli: watu watakaosikia.

Jumamosi, 7 Juni
Nimempiga Doto.

Walikuwa wanacheza baba na mama. Doto ndiye baba. Akamchapa Kulwa mwiko wa kichwani na kusema, "Chumvi iko wapi, mjinga wewe?" Kwa sauti ile ile. Nikamnyang'anya mwiko nikampiga nao. Mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa na hasira. Ya pili na ya tatu nilijisikia vizuri. Hapo ndipo nilipoogopa.

Ana alama begani. Nimempaka mafuta. Kaniambia, "Nitasema niliteleza."

Jumapili, 8 Juni
Nimemdanganya baba kwa ukweli. Nilimsomea ya hoteli nikiangalia sakafu. Ziwani kuna kichocho. Viboko hupanda ufukweni jioni. Nikamsomea na ya hifadhi ya wanyama: mbung'o, mwendo mrefu, watoto watatapika kwenye viti vya gari lake. Anaogopa magonjwa, na gari analipenda kuliko sisi.

Nikasema Kiloleli kwa bibi kuna nafasi, na mkwe huchinjiwa kuku. Na Lamadi anaweza kuendesha mwenyewe akaburudike.

Kafikiri sana. "Siku nne. Na huyo kuku asiwe wa kizungu."

Mama alinifuata uani. Ana hofu. "Usimwambie bibi yako kitu. Ng'ombe za mahari yangu ndizo alizoolea mjomba wako. Nikirudi nyumbani, zitadaiwa kwa nani?" Kumbe ndiyo maana. Mama anakula birika ili mjomba abaki na mke.

Alhamisi, 12 Juni
Kiloleli. Tulifika jana. Ni msimu wa kuchuma pamba, bibi kajaza chumba kizima mpaka dirishani. Mapacha wanapanda juu ya magunia na kujirusha katikati ya lundo. Wanatoka weupe kama kuku. Hakuna ukurasa wowote wa Kiingereza uliotaja mchezo huu.

Jana jioni, tukiwa tunakula, ukapigwa mwano, ukelele wa kuita kijiji. Nilikuwa sijawahi kuusikia. Sauti moja ndefu, haina maneno, nywele zinasimama. Bibi ana miaka sabini na kitu. Aliacha ugali, akashika fimbo, akatoka mbio. Kila nyumba ilitoka. Baba alibaki anatafuna paja.

Fisi alikuwa ameingia kwenye zizi la jirani. Waliporudi, mzee mmoja akapita kwenye ua wetu, akasalimu Kisukuma. "Mwadila, mkwe! Tumekusubiri. Au mjini fisi mnawaogopa?"

"Kijiji kizima kwa ajili ya fisi mmoja," baba akajibu, akacheka.

Bibi hakucheka. Alituambia mwano ukilia hata mgonjwa anajikokota. Asiyekwenda anatengwa, hata kaa la moto wa kuwashia jiko hapewi. Na anayeupiga kwa utani anatozwa ng'ombe. "Mkwe ni mgeni, kasamehewa mara moja."

Baba alidhani mwano ni wa fisi.

Jumamosi, 14 Juni
Siwezi kuandika. Koo linauma.

Jumapili, 15 Juni
Naandika sasa kabla sijaanza kusema aliteleza.

Jana saa kumi baba alirudi kutoka Lamadi amelewa. Bibi alikuwa shambani. Mama alikuwa chumba cha pamba na mapacha. Shati jeupe la baba la kutokea lilikuwa sakafuni, wamelikanyaga. Hilo tu.

Alimshika mama nywele, akampigiza uso mlangoni. Mara mbili. Nilisikia mbao, halafu nikasikia kitu laini. Alipoanguka akamkanyaga mbavu. Akachukua mpini wa jembe uliokuwa umeegemezwa ukutani. Kulwa alijirusha juu ya mama kama anavyojirusha kwenye pamba. Mpini ukashuka juu ya mkono wa Kulwa. Mfupa ulilia kama kijiti kikavu. Pamba ikawa nyekundu.

Nilikimbia nje. Kwanza niliona ninakimbia tu, ninawaacha. Nakiri. Nilipanda kichuguu kilicho nyuma ya zizi, nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Ni kama darasani, mwalimu kaniuliza, jibu ninalo, midomo imefunguka na hakuna kitu. Nikafikiria ng'ombe wa faini. Nikafikiria mama ataaibika. Ndani mpini ulishuka tena.

Halafu ikatoka, ile sauti moja ndefu. Sijui ilikuwa wapi miaka yote hii.

Wanawake walitoka kwenye pamba na magunia yao viunoni. Wanaume na marungu. Bibi kizee mmoja alikuja akitambaa kwa magoti, kweli. Walimtoa baba nje. Alisema, "Haya ni mambo ya familia yangu!" Mtu akamjibu, "Umevunja mtoto." Wakaanza.

Nilimwona baba akipigwa. Rungu la goti. Teke la mdomo. Alitema meno. Aliniona niko juu ya kichuguu na akaita jina langu, kwa upole, ule upole wake wa siku ya pili.

Nilitaka waendelee. Naandika hivi kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilihesabu meno mdomoni mwake na nilitaka waendelee.

Bibi ndiye aliyemwangukia juu akiwa na fimbo yake. "Tosheni! Ni mkwe. Tutamhukumu, hatutamwua." Rungu moja lilimpata bibi begani kabla hawajaacha.

Jumatatu, 16 Juni
Baraza lilikaa barazani kwa jirani wa fisi. Wakaniita niseme. Nilisema. Polepole, lakini nilisema, tangu birika. Mama aliinamisha kichwa mpaka nilipofika kwenye ng'ombe wa mjomba. Mjomba alisimama, akalia mbele ya watu.

Wazee wakaamua: amemwaga damu ya mtoto, hana ng'ombe wa kudai. Faini ni fahali mmoja. Mama na watoto wanabaki. Baba katia dole gumba kwenye karatasi kwa sababu vidole vingine havikunjiki. Polisi nao wamekuja, wamemchukua kwenye gari lake mwenyewe. Alikalia kiti alichokuwa anaogopa tutapike.

Sikumpungia mkono. Usiku wa kuamkia leo nilimwota akiwa na tikitimaji.

Jumamosi, 21 Juni
Kulwa ana plasta ngumu mpaka kwapani. Amekatazwa kujirusha. Anakaa juu ya gunia na kumhesabia Doto.

Mama anachuma pamba na bibi. Anatembea kwa kushika ubavu. Leo alicheka, na nikaliona lile jino nusu, hakulifunika kwa mkono.

Doto ananiogopa kidogo nikishika mwiko. Nimempa yeye akoroge uji.

Mchana Kulwa alichoka kuhesabu. Akasimama juu ya gunia, akaunyoosha ule mkono mzima, akapiga mwano wake mdogo. Bibi aliwaka: huo si wa kuchezea! Lakini kule mbali shambani nilimwona mama mmoja, simjui, akinyooka na kugeuka upande wetu. Alisimama akisikiliza. Alipoona ni mtoto, akainama tena kwenye pamba yake.