Kiingereza cha Kurasa Zilizobaki

Baba,

Jumamosi hii darasa lako limefunguliwa tena, na aliyesimama mbele ni mimi. Najua ungecheka. Zaina wako, yule aliyeapa hatagusa tena Kiingereza, ameshika chaki. Lakini sikuandikii kujisifu. Kuna neno baya nililokuambia sebuleni, ukafariki kabla sijakuomba radhi, na tangu tulipokuzika nalibeba kila siku.

Nianze na vita, maana darasa lilizaliwa huko. Treni zilikuwa zimekoma, nawe karani wa stesheni huna wa kumkatia tiketi. Askari waliolala kwetu siku tatu waliiona kamusi yako ya Kiingereza, wakawa wanachana karatasi za kusokotea tumbaku. Walikuwa na utaratibu wa ajabu: walianza ukurasa wa kwanza na kuendelea bila kuruka. Walipoondoka walikuwa wamevuta herufi A mpaka F. Mama alilia kuku wake walioliwa, wewe ukalia kamusi. Kisha ukafungua ilipobaki, ukakuta neno dogo lenye maelezo ya kurasa tatu: get. Ukatuita, "Mukuje muone. Hii moja tu inafanya kazi ya kumi."

Kupokea barua, get. Kufika Kailo, get. Kuelewa, kulowa, kuzeeka, kuamka, kupanda baiskeli na kushuka, yote get, ila nyuma unalibandika kijineno hiki au kile. Uliandika mlangoni kwa muhogo mkavu kwa sababu chaki haikupatikana mjini, na Mama akipita anasema, "Baba Zaina, sasa unaandika na chakula?" Majirani wakaja, kwa kuwa mashambani hakukuendeka. Sheria yako ilikuwa moja: hakuna kurudi kwake kabla ya kutamka sentensi ya kweli, jambo lililokupata siku ile ile. Mimi nilisema "I got hungry", yaani nilisikia njaa, siku nne mfululizo, na zote nne ukanikubalia.

Hatukujua tunakosa nini. Maneno ya Kiingereza ya kununua, kuleta, kuja na kula yalikuwa yameondoka na moshi wa askari, basi get ikayabebea mizigo yote. Mtaa wetu mzima wa Kasuku tukawa tunazungumza hivyo na kujiona wajuzi.

Vita vilipokwisha nikaenda kufanya mtihani wa kazi katika ofisi ya wageni. Bwana aliyenihoji alinisikiliza akitabasamu, kisha akauliza ni nani aliyenifundisha. Baba, nilimjibu kwamba sikumbuki.

Nikarudi nyumbani nimefura, nikakuambia mbele ya Mama, "Ulitufundisha Kiingereza ya matundu." Ulikuwa unakata kucha. Hukupandisha sauti. Ulinijibu tu, "Njo ile ilibakia, mama," yaani ndicho kilichobaki, binti yangu. Tukaendelea kula sahani moja miaka na miaka. Ulipata kamusi nzima, ukafundisha kila Jumamosi hadi ulipougua, na mimi siku hizo nilijitafutia kazi jikoni. Nilikukosea. Aibu ilikuwa yangu, nikakutwika wewe.

Baada ya arobaini yako alikuja Mama Fatuma, yule wa Alunguli, ng'ambo ya mto, anayeuza mchele wa Kibombo. Alikuja kutoa pole, akanieleza jambo ambalo hukuwahi kunisimulia. Wakati wa vita mtoto wake alishikwa na homa ya degedege, na mitumbwi ilikatazwa kuvuka kuja huku hospitalini. Kulikuwa na wageni waliofika na boti ya mota, na katika watu wote waliosimama pale kando ya mto, aliyewahi kukaa mbele ya mlango wako ni yeye peke yake. Aliwaambia, "My girl get hot. Get us hospital. Get now," yaani binti yangu ana homa, tufikisheni hospitali, sasa hivi. Wakamwelewa, wakawavusha. "Mutoto mwenyewe njo huyu," Mama Fatuma akasema, akamvuta mbele Mariamu, fundi cherehani, mrefu kumpita mama yake. "Anataka umufundishe. Uanze na ile ya baba yako."

Nililia, Baba, kuliko siku ya mazishi. Ila safari hii nilipomaliza kulia nilisikia njaa, nikala vizuri.

Basi Jumamosi wakaja watu kumi na mmoja, Mariamu akiwa wa kwanza. Niliwaambia yote, hata ile "sikumbuki" yangu, na hakuna aliyenicheka. Kisha nikaandika ubaoni: My father got us here. Nikawafafanulia kwamba baba yangu ndiye aliyetufikisha hapa. Mariamu akaiandika daftarini, akainua mkono, akauliza kama hata yeye asiye binti yako anaruhusiwa kuisema vile vile ilivyo. Nikamwambia anaruhusiwa.

Pumzika, Baba. Mama hajambo, anakuombea kila swala. Nami nakuahidi hili: yeyote atakayeniuliza ni nani aliyenifundisha, awe mgeni wa ofisini au mtoto wa jirani, nitamtajia jina lako lote, polepole, mpaka aweze kuliandika.

Binti yako,
Zaina