Ushungi Ndani ya Mkoba wa Mwende

Ukunda, Jumatano jioni

Mama yangu mpendwa,

Mjukuu wako Mumbua sasa hivi amemlisha paka wa jirani uji wake wote, kijiko kwa kijiko, kisha akaniletea bakuli tupu na kunionyesha ulimi kwamba amemaliza. Nilikuwa nimeshampigia makofi na kumwita msichana mzuri, ndipo nikamwona paka mlangoni akijilamba masharubu. Hata miaka miwili hajatimiza na tayari ananizunguka. Mama, katika nyumba hii siku hizi sijui nimwamini nani.

Shikamoo mama. Goti lako linaendeleaje, bado linakusumbua ukiamka? Na mvua, ilirudi au iliwaonjesha tu ikaenda zake? Sisi tu wazima. Baba Mumbua bado yuko Lamu kwenye kazi ya ujenzi, anasema amekula samaki mpaka amewachoka. Mimi bado nafua mashuka ya hoteli kule Diani, mikono imekuwa kama ya bibi, lakini kazi ipo na namshukuru Mungu.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya nyumbani anaishika baba mdogo, na akiipokea anaifungulia sauti mpaka kuku wanasikia. Maneno haya sitaki kuku wayasikie. Kavata, yule binti wa jirani yenu ninayefua naye, anakuja likizo kesho, atakupa bahasha hii mkononi. Isome mwenyewe polepole, usimpe mtu akusomee.

Najua umeshaambiwa. Jumapili baba mdogo alinipigia, hakunijulia hali hata kidogo, akaniuliza, "Ni kweli Mwende amesilimu?" Nikamwambia sijasikia jambo kama hilo. Akasema, "Wewe unaishi naye hujasikia, sisi huku tumesikia. Ameonekana Kona ya Musa amejifunga ushungi. Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua." Akakata.

Sasa mama, nitakwambia yote tangu mwanzo, na mwishoni utaniambia kama mdogo wangu afungashe au akae.

Wewe ulinikabidhi Mwende baada ya kumzika baba, ukasema labda akibadilisha mahali atapata tena kuongea. Unakumbuka alivyokuwa. Ukimwita anaitika kwa ndani, kama mtu aliye chini ya blanketi. Huku alikuwa vilevile. Shule ikitoka alikuwa hana pa kwenda, mimi niko kazini mpaka jioni, kwa hiyo alikuwa akishinda pale Kona ya Musa karibu na maduka ya simu, ambapo vijana wa pikipiki hukaa wakingoja abiria. Nikirudi namkuta nyumbani kichwa kinamuuma, hataki kula, usiku anakodolea simu mpaka jogoo wa jirani anawika.

Kisha muhula huu akabadilika, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Alianza kuamka kabla ya adhana bila kuvutwa mguu. Kichwa kikaacha kuuma. Akawa anakula wali mpaka anakwangua ukoko, na akimaliza anaosha sufuria. Mama, Mwende kuosha sufuria. Akilala ni kama gogo, simu imezimwa. Mwalimu wa hesabu, ambaye kila mara alikuwa ananiita shuleni kunilalamikia, akanyamaza kabisa, nikamshuku hata yeye. Nilijisemea, msichana wa kidato cha pili habadiliki hivi bure, kuna mtu nyuma yake. Tena alikuwa akirudi amechelewa, viwiko vimechubuka, paja lina alama nyeusi kama ameanguka kwenye mawe. Nikimuuliza ananiambia, "Ni mpira, dada. Nimekuwa golikipa." Nikasema sawa, huku moyoni nikisema uongo huo.

Ndipo siku moja nikafungua mkoba wake nikitafuta kalamu. Sawa, sikuwa natafuta kalamu. Nikakuta ushungi mweusi, umekunjwa vizuri, unanukia mafuta ya nazi. Nikakaa kitandani nao mapajani mpaka aliporudi.

"Hiki ni cha nani?"

"Changu. Cha mpira."

"Mpira gani unavaliwa kichwani, Mwende?"

Akacheka. Huyo mtoto hakuwa amecheka tangu msiba, na siku hiyo ndiyo akachagua kucheka. Nikamwambia, "Taja jina lake." Akasema, "Jina la nani?" Nikamwambia, "Huyo anayetaka kukuoa." Akanitazama kama nimepata homa, akasema, "Dada, njoo uwanjani uone," akaenda kuoga.

Nami nikaenda, lakini si siku aliyoniambia. Nilibadilisha zamu, nikamfunga Mumbua mgongoni, nikazunguka nyuma ya shule kwenye ua wa makuti, ambapo akina mama huuza vitu. Ulikuwa wakati wa baada ya sala ya Alasiri, wasichana wameshaingia uwanjani. Mama, wote walikuwa wamevaa namna moja. Suruali ndefu nyeusi za kubana, fulana za mikono mirefu, na ushungi umefungwa nyuma ya shingo usije ukaruka. Nilitafuta mtoto uliyemzaa wewe nikamkosa. Nikatazama kila mmoja, nikatazama tena.

Nikanunua muhogo wa kukaanga kwa mama mmoja ili nipate sababu ya kukaa. Nikamwamkia, maana huku ukianza na "sema" bila shikamoo wanakuona huna kwenu.

"Marahaba mwanangu. Nikutilie pilipili?"

"Kidogo tu."

Akatia, akatia ndimu, akanipa. Yeye mwenyewe alikuwa ameupa uwanja mgongo lakini shingo yote imegeuka. Baada ya muda akasema, "Wewe hukuja kula muhogo."

"Nimekuja kula muhogo."

"Huo ulioushika mpaka umepoa? Una nani humo ndani?"

Nikaona nimeshikwa, nikamwambia nina mdogo wangu.

"Ni yupi?"

"Simjui hata ni yupi."

Akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Hata mimi wangu simjui ni yupi. Wamefanya makusudi hao."

Anaitwa Mama Saumu, kwao ni Munje, na binti yake Saumu ndiye beki. Alinieleza mambo ambayo Mwende angenieleza kama ningemuuliza kwa sauti nyingine. Mwaka jana wasichana wa Kiislamu walikuwa wanacheza wamejifunga na wenzao wako kichwa wazi. Baba akija pale uani anamwona binti yake mara moja, anaita, "Wewe, toka." Na wakienda kucheza kwingine, wale waliojifunga wanachekwa peke yao. Basi wasichana wenyewe wakakaa wakaamua kwamba atakayeingia uwanjani, awe wa msikitini au wa kanisani, atavaa sawa na wenzake. Akija baba wa mtu, achague kama anaweza. Mechi ikiisha kila mmoja anavua au anabaki nao, shauri yake. Mwende wetu anabaki nao njiani kwa sababu ya vumbi, ndivyo anavyodai.

"Na wewe unakaa hapa kuuza tu?" nikamuuliza.

"Nauza nini. Baba yake Saumu aliambiwa wanafundishwa nyimbo za kanisani. Nikamwambia nitakaa nisikilize. Toka Ramadhani nausubiri huo wimbo, mwanangu, mihogo inaisha wimbo hauji."

Tulikuwa tunacheka wakati sauti moja ilipotoka golini. "Saumu, rudi! Rudi nyuma, mwache huyo, ni wangu!" Mumbua alishtuka mgongoni. Mimi nilisimama, maana ilikuwa sauti ya baba. Ile sauti ya baba akirudisha ng'ombe kutoka mtoni, mama, ile uliyokuwa unasema inasikika mpaka kwa mzee wa kanisa. Mrefu mmoja akatoka golini, akajirusha kwenye vumbi na mawe kama hana mifupa, akainuka na mpira kifuani, akaanza kuwagombeza wenzake waliokuwa wamezubaa. Na wenzake wakamsikiliza. Ndiye Mwende wako. Nilisimama pale nimeshika muhogo na machozi yananitoka, Mama Saumu akafikiri ni pilipili.

Usidhani niliridhika. Mwalimu wao anaitwa Mwanasha, mwanamke wa makamo, alitufuata pale uani akasema, "Mama Saumu, leo umeleta na mpelelezi mwenzako?" Ana maneno laini, na mimi maneno laini yananitisha, watu wa huku mtu anaweza kukukatalia jambo na wewe ukaondoka ukisema asante. Nikamhoji kama polisi. Faida ya mtoto kukimbizana na mpira ni nini, na mtihani unakuja? Akaniambia, "Mama Mumbua, kwangu asiyenionyesha kazi yake ya hesabu hagusi mpira. Muulize mdogo wako amekaa nje mara ngapi." Nilimuuliza usiku ule. Alikaa nje mwanzoni, akachukia, ndipo yeye na Saumu wakaanza kufanya hesabu pamoja wakati wa chakula cha mchana. Saumu anajua hesabu, Mwende anajua Kiingereza. Sasa wote wawili wanacheza.

Bado nachungulia mkoba, sikufichi. Na bado nimerudi pale uani, mara nyingine na Mumbua, mara nyingine peke yangu. Sijaona mwanamume yeyote akiwangoja. Ikikaribia Magharibi wanafunga, wa kuswali wanaenda kuswali, wengine wanaokota mipira, kisha wanarudi makwao kwa kundi, wanapiga kelele njia nzima. Vijana wa pikipiki wanawapisha, hawathubutu kumwita mmoja maana watajibiwa na wote.

Hapo ndipo nilipofikiri jambo moja, na nataka ulifikirie na wewe. Mwende alipokuwa akishinda Kona ya Musa peke yake na kichwa kikimuuma, hakuna mtu wa kwetu aliyemwona. Hakuna aliyepiga simu. Alipofunga kitambaa kichwani akawa anarudi kutoka uwanjani na wenzake, hapo wakamwona. Yule kijana wa kwetu anayelinda geti la hoteli, najua ni yeye aliyempigia baba mdogo, kila siku anapita pale Kona. Mbona macho yake yalifunguka sasa? Na nisamehe mama, lakini baba mdogo amefungua mashine ya kusaga unga, na nimesikia anatafuta mtu wa kukaa nayo. Sisemi ndiyo sababu. Nasema tu mimi nimesikia.

Akimtoa hapa, sauti ile itarudi chini ya blanketi. Hilo ndilo ninaloogopa sasa, kuliko ushungi. Amefaulu kuongea, mama. Juzi alinijibu jeuri kuhusu chumvi, nikafurahi mpaka nikasahau kumgombeza.

Jambo la haraka ni hili. Jumamosi wanaenda Malindi kucheza na shule nyingine na watalala huko siku mbili. Nilipoambiwa walale, nilikataa. Nikauliza watalala wapi, nikaambiwa bwenini kwa shule ya wasichana. Nikauliza nani atawapikia, nikatajiwa Mama Saumu. Nikaenda kumuuliza Mama Saumu mwenyewe kama ni kweli, akasema, "Nitalala mlangoni, atakayetoka atanikanyaga." Hapo nikalegea. Lakini Mwalimu Mwanasha anataka ruhusa ya mzazi, siyo ya dada. Ndiyo maana nakuomba ukimaliza kusoma hapa uende kwa mwalimu wa shule ya msingi, uazime simu yake unipigie, usimwambie mtu unampigia nani. Na baba mdogo mwambie asipoteze nauli. Mwambie Mwende yuko machoni pangu, na macho yangu anayajua.

Nisalimie bibi, mwambie Mumbua amechukua pua yake na ubishi wake. Msalimu kaka yangu mkubwa na mkewe, mwambie shangazi wa kisimani nguo za mtoto zilimtosha. Yule mama mchungaji mwambie Mwende bado anaenda kanisani, Jumapili iliyopita alisinzia kwenye mahubiri kama zamani. Hata baba mdogo msalimu, yeye ni mzazi wetu.

Ni mimi binti yako anayekukumbuka kila akisikia harufu ya moshi wa kuni,

Mama Mumbua

Mama, nimefungua tena bahasha. Kuna neno nimeona nisipokwambia utalisikia kwa mtu mwingine. Leo Mwalimu Mwanasha alipita hapa, akasema majina yanapelekwa asubuhi na asiye na ruhusa anabaki. Mwende alikuwa amesimama nyuma yake, haombi, ananitazama tu. Nikasema mama yetu amekubali, nimeongea naye. Nilisema bila kupepesa macho. Kwa hiyo mama, akikupigia simu mwanamke mwenye maneno laini akakuuliza kama uliniambia ndiyo, nakusihi umjibu kwamba uli— mama mwenye nyumba ananiita, maji yamefika bombani na ndoo zangu ziko