Jezi ya Yule Mreno

Jumatatu, 16 Juni
Suruali tatu za shule, zipu mbili. Halafu jezi. Yule beki Mreno anakuja Kigali Ijumaa kuzungumza na makocha, na kamati ya mpira ya hapa Kabeza imenipa mimi kazi ya zawadi: jezi kama yake ya zamani, ya pamba, kijani, kola nyeupe. Alicheza miaka kumi na mbili klabu moja Lisbon. Goti likaharibika, akarudi timu ndogo ya kwao, akapotea. Marehemu baba alimfuata redioni mpaka hapo. Vipimo vyake sina. Ninayo picha yake ya ujana, ameshika mpira. Ukubwa wa mpira naujua, nikapigia hesabu ya kifua na kiuno. Najiona fundi kweli.

Jumanne, 17 Juni
Kola imekaa. Namba tatu nimeshona kwa mkono. Raha tupu.

Jumatano, 18 Juni
Mke wangu Zaina ameangalia picha, akaangalia jezi. "Tangu apigwe picha hii hajala?"
Nimeona aibu. Mtu ana karibu miaka sabini. Fundi mzima nimesahau kwamba watu wananenepa. Nikampigia Hamisi, dereva wa kamati, ambaye ameona picha mpya. "Tumbo iko mbele, kaka." Kitambaa kimeisha, na mjini rangi ile hakuna tena. Najichukia.

Alhamisi, 19 Juni
Nimefumua mbavu zote mbili. Nimeingiza vipande vyeupe, kwapa hadi pindo. Ile ya zamani haikuwa hivi. Ataona nimemharibia.

Ijumaa, 20 Juni
Baada ya swala, pikipiki mpaka hotelini Kiyovu. Mzee anachechemea. Akaivaa palepale. Ikamtosha. Akapapasa ubavu, akauliza kitu. Mkalimani: "Nani ameipanua?" Nikainua mkono. Sikuwa na pa kujificha.
Mzee akacheka mpaka akakaa. Kumbe misimu yake ya mwisho, kule kwao, mkewe alimpanulia jezi hivihivi kila mwaka. Alicheza mnene, goti bovu, watazamaji majirani tu. Anasema ndiyo miaka aliyoufurahia mpira. Akaenda kula na jezi mwilini.
Nimefurahi, basi.

Jumamosi, 21 Juni
Vumbi. Wateja wawili. Mchana nimejikatia suruali mpya. Zaina alishika futi ya kupimia. Kiunoni nimeacha nafasi ya kutosha.