Daraja la Mserereko

Jumatatu, 5 Mei

Kliniki ya watoto. Mizani ileile, vilio vilevile. Maji yalikupwa tangu asubuhi, kwa hiyo akina mama wa ng'ambo wamefika na tope hadi magotini. Nimeosha watoto kwanza, ndipo nikawapima.

Jioni dikoni, kupiga simu. Kisiwa kizima mtandao uko pale tu, kati ya mitumbwi na chanja za kukaushia kamba. Siri hakuna. Ukiongea na ofisi unapiga kelele, na wavuvi wameacha kushona nyavu wanakusikiliza. Nimempata afisa utumishi wa Kibiti. Nikamuuliza daraja langu limekwama wapi, mbona wenzangu wote wameshavuka. Akasema nivute subira, mwaka huu kuna mserereko. Ndivyo wanavyoliita daraja la kutufidia sisi tuliocheleweshwa kupandishwa. Akaongeza kwamba muuguzi mwenye daraja jipya atafikiriwa kituo cha afya mjini.

Nataka kuondoka hapa. Naandika hivyo hivyo, nisijidanganye.

Alhamisi, 8 Mei

Tumaini amenitumia picha ya ofisi yake Dodoma. Kiti cha kuzunguka, zulia. Tulisoma chuo kimoja, tukaajiriwa pamoja. Yeye akapangiwa mji, mimi nikapangiwa maji. Ameshapanda mara mbili. Kazi zake anazijaza kwenye mfumo wa kupima utendaji akiwa amekaa, na msimamizi wake yuko chumba cha pili. Mimi nikisimama dikoni kujaza zangu, mfumo unazunguka, unazunguka, mpaka maji yananifika miguuni.

Wivu. Sina jina jingine la kulipa.

Mwenye duka amesikia redioni habari za nyongeza ya mishahara. Sukari imepanda leo. Mshahara wangu bado uko palepale.

Jumatano, 14 Mei

Ajabu. Bi Mwanahawa, jirani yangu, ameniletea bakuli la kamba wa nazi. Miaka yote hii kati yetu ni salamu tu na dawa ya presha. Leo ameingia ndani, ameketi, ameuliza kwetu Makete kukoje. Nimemwambia kuna baridi. Akasema pole, kama vile nimefiwa.

Jana mchele mpya mlangoni, sijui wa nani. Juzi nimekuta mapipa ya zahanati yamejazwa maji.

Labda wamenizoea. Nimekula kamba wote peke yangu na nimefurahi kijinga.

Jumatatu, 19 Mei

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Salum, kaja zahanati. Hakuumwa. Kakaa kwenye benchi la wagonjwa, kauliza kwa heshima zote kama hili la mserereko pikipiki itaweza kushuka bila kuteleza. Nikadhani ni utani wa kipwani. Nimecheka. Naye kacheka kidogo, kaondoka hajaridhika.

Ijumaa, 23 Mei

Nimealikwa dua baada ya sala ya Ijumaa. Mimi Mlutheri, Jumapili zangu nasali chumbani na redio. Nimejifunga mtandio nikaenda kwa sababu nilialikwa. Hapa hakuna aliyewahi kunialika popote.

Ubwabwa, chai ya rangi, udi. Nimekaa upande wa wanawake, Bi Mwanahawa kanishika mkono. Shehe akaomba. Akaomba mvua, akaomba afya, kisha akasema:

"Ewe Mola, tuletee daraja, wagonjwa wetu wavuke bila tope. Na umpe nguvu mgeni wetu huyu anayetupigania."

Wote amina. Nami nimesema amina. Ndipo nikaelewa.

Kumbe zile kelele zangu za dikoni! Daraja limekwama, daraja lije, wenzangu wameshavuka. Wamesikia walichokuwa wanakitamani. Nani angewalaumu? Na mserereko kwao ni mteremko tu, njia ya kushukia.

Jumamosi, 24 Mei

Sijasema.

Nilikwenda hadi mlangoni kwa Mzee Salum, nikauliza habari za nyumbani kwake, nikarudi. Nikisema, kamba watakoma, mchele utakoma, na ule mkono wa Bi Mwanahawa utakoma. Kwa hiyo hawakunizoea. Walikuwa wanalisha daraja.

Imeniuma kuliko nilivyotegemea. Nilidhani mtu anayetaka kuondoka haumwi na vitu hivi.

Jumanne, 10 Juni

Simu imenikuta dikoni nikipokea dawa. Afisa utumishi. Sauti inakatika. Anasema limepita, simsikii, nikalazimika kurudia kwa nguvu:

"Limepita? Daraja limepita?"

Diko zima likalipuka. Vigelegele. Mtu kapiga debe. Wanawake waliokuwa wanachambua kamba wamenikumbatia na mikono yao ya samaki. Mvuvi mmoja mtu mzima alilia, akasema mkewe alifia kwenye tope lile maji yakiwa yamekupwa, wakimpeleka ng'ambo kujifungua.

Nimesubiri daraja hili miaka, na sikuwahi kufikiri lingeshangiliwa hivi. Nilisimama katikati yao nikitabasamu. Sijawahi kuwa mpweke namna ile.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwambia Bi Mwanahawa. Yeye kwanza, kwa sababu ya ule mkono. Nikamweleza taratibu: daraja ni cheo cha kazi, ni ngazi, mtu anapanda, mshahara unaongezeka kidogo. Si nguzo, si zege. Halijengwi mtoni.

Alikuwa anakuna nazi. Hakuacha.

"Kumbe daraja lenyewe la mtu mmoja," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Basi utavuka peke yako, mwanangu."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejitetea.

Jumapili, 15 Juni

Habari zimeenea. Hakuna aliyenitukana. Wamerudi kwenye salamu. Watoto wananiita Nesi Daraja na mama zao wanawakemea huku wakificha kicheko. Mvuvi yule aliyelia ananipisha njiani kama nimebeba ndoo ya maji ya moto. Kwake nilikwenda mwenyewe kuomba radhi. Alisema yamekwisha. Hayajakwisha.

Mzee Salum kasema kosa ni la Kiswahili, neno moja kulipa kazi mbili. Amenipa heshima kwa kusema hivyo.

Nimemtumia Tumaini ujumbe kwamba nimepanda. Amejibu kidole gumba.

Alhamisi, 26 Juni

Uhamisho umetoka. Kituo cha afya, Kibiti mjini, kama walivyoahidi. Muuguzi mwingine anakuja, kijana, ajira mpya. Nimemwachia maelekezo ya friji la chanjo. Nimemwandikia pia: dikoni ongea polepole, na chagua maneno.

Ningepaswa kufurahi. Nimefunga mizigo, ni michache mno.

Jumatano, 2 Julai

Nimeondoka leo.

Boti ya Nyamisati ilisimama mbali, maji yalikuwa yamekupwa. Nilikunja sketi na kuvua viatu, tayari kwa tope. Kufika dikoni nikakuta boriti za mkoko zimelazwa, moja baada ya nyingine, kutoka mchangani hadi kwenye boti. Boriti nene, nyeupe bado, zile ambazo Mzee Salum alizikata kwa paa la nyumba yake. Watu walisimama pembeni, tope hadi magotini, wameshika ncha zisizame. Yule mvuvi alikuwa wa mwisho, karibu na boti.

"Daraja lako hilo, nesi," Mzee Salum akasema. Safari hii utani niliutambua.

Bi Mwanahawa hakuwa pale. Nilitafuta mtandio wake kwenye kila kichwa.

Nimevuka na viatu vikavu mkononi. Mvuvi alinipokea begi, akaniambia niangalie, zinateleza. Nilipoketi botini na kugeuka, walikuwa wameshaanza kuzitoa kwenye tope, wanaziosha, wanazirudisha begani. Paa linazisubiri. Baada ya muda diko lilikuwa tope tupu.

Jumapili, 6 Julai

Kibiti. Chumba kimoja, dirisha linatazama barabara. Mabasi ya Lindi yanapita yakipiga honi. Leo nimekwenda kanisani, wamenikaribisha kama mgeni, nikasimama, wakapiga makofi, nikakaa.

Mshahara mpya bado, wamesema mwezi huu. Kituoni tuko wengi, kila mtu na zamu yake. Hakuna aliyeuliza nilitoka wapi.

Hapa mtandao unafika hadi kitandani. Ninaweza kuongea kwa sauti ndogo na asisikie mtu. Nimeshika simu tangu nirudi kanisani. Bi Mwanahawa hana simu.