Nasambu Hakujichagulia Jina

Dagoretti,
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Baba Nasambu,

Nakusalimu wewe kwanza, pamoja na goti lako. Bado linavimba ukitoka shambani? Usilikande na maji baridi, nilishakuambia. Namsalimu Kukhu, mama yako, na macho yake. Matone ya dawa aweke asubuhi na jioni, si siku akikumbuka. Namsalimu Simiyu, kitindamimba wetu, ambaye nasikia amekataa kunyolewa. Namsalimu dada yako Rosa na mtoto wake mchanga, kama kifua kimefunguka. Namsalimu jirani yetu Mama Tabitha anayekukamulia ng'ombe, Mungu ambariki. Ndugu yako mkubwa, Wafula, simsalimu, na mkimsomea barua hii msiruke hapo.

Mimi ni mzima wa mwili. Bado naosha matumbo pale machinjioni, mikono imebabuka na maji lakini kazi ipo. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kwa simu nikipandisha sauti unasema mtandao ni mbaya. Karatasi haina mtandao. Kaa chini usome.

Baba Nasambu, uliniambia nisisumbuke kusafiri. Ukasema ni wazee wawili tu wa kina Barasa wanakuja kubisha hodi, wanywe chai waseme kijana wao amempenda msichana wetu, waende. Nikakuamini. Sasa naambiwa na watu wengine, si na wewe, kwamba Wafula alishika kikombe akaanza kuchekesha wageni. Ati, "Huyu msichana wetu alijichagulia jina mwenyewe! Tuliita majina saba ya marehemu analia tu. Tulipofika kwa senge yetu Nasambu, dada ya baba yetu, akanyamaza kama redio imetolewa betri!" Wageni wakacheka. Hakutosheka. Akaongeza kwamba huyo senge aliacha waume watatu, na wa mwisho alimwachia chungu kikiungua jikoni. Wageni wakaacha kucheka. Wakamaliza chai, wakaaga, na siku ya kurudi hawakutaja.

Na wewe ulikuwa umekaa hapo hapo. Ulikuwa unafanya nini? Unapuliza chai?

Kwa sababu wewe unajua. Mimi nilikuwa bibi arusi wa mwaka mmoja, mtoto ana siku nne, analia tangu alfajiri. Kukhu anaita majina ya marehemu mmoja mmoja, nyumba imejaa wanawake. Nikasikia kitu kinatembea ndani ya shali, ile tulikuwa tumeanika kwa nyasi. Nikaingiza mkono. Siafu! Amemshika mtoto paja, ananing'inia. Nikamng'oa nikamponda kwa kidole. Wakati huo huo Kukhu akasema, "Nasambu," na mtoto akanyamaza. Vigelegele! Ningesema nini? Kuku alikuwa tayari ameshachinjwa, na mimi nilikuwa na njaa ya mzazi. Lakini jioni, nikimwosha, nilikuita nikakuonyesha ile alama nyekundu. Ulicheka mpaka ukashika mlango. Ukasema, "Nyamaza tu, jina ni zuri."

Ni zuri, sikatai. Lakini kama ningemwona huyo siafu mapema kidogo tu, mtoto angenyamaza kwa jina lililotangulia, aitwe Naliaka, jina la nyanya yako aliyekaa katika boma moja mpaka akazikwa hapo. Na leo Wafula angekuwa anawaambia wageni, "Huyu mkimchukua hatoki hata mkimfukuza!" Mtoto ni yule yule.

Hata mimi na wewe, nani alituita majina? Mkanda wa kinu cha kusaga posho ulikatika, tukangoja mchana mzima tumekalia magunia, ndipo tukajuana. Kama ungekatika kesho yake, mimi ningekuwa mke wa mtu Kitale huko, na nisingekuwa nakuandikia hasira hizi. Mambo yanatokea tu, Baba Nasambu, halafu watu wanakuja nyuma yake na maneno.

Kinachonichoma si wale wazee. Ni mtoto. Barasa mwenyewe, yule kijana, ndiye alimwambia maneno ya Wafula, maskini, akidhani watacheka pamoja. Msichana hakucheka. Sasa akimaliza kushona yale mapazia mjini anatokea ngazi za nyuma, kijana anabaki mbele ya jengo anangoja mpaka mlinzi anamfukuza. Simu hashiki. Nilimwambia, "Nasambu, mbona unamtesa mtoto wa watu?" Akaniambia, "Mama, si ni afadhali nimwache sasa kuliko baadaye? Mimi ni mtu wa kuacha. Hata ile kazi ya duka kule Jamhuri niliacha."

Nikamwambia, "Wewe! Hukuacha kazi. Kazi ndiyo ilikuacha! Duka lilibomolewa!"

"Na kwaya je?"

"Kwaya ulikuwa na homa!"

Hakukubali. Nikamweleza habari ya siafu, neno kwa neno. Akaniangalia kwa huruma, mimi mama yake, akasema, "Unasema hivyo kwa sababu unanipenda." Basi nikaenda nje nikalia karibu na tangi la maji. Mtoto wangu ameanza kupima maisha yake yote kwa mguu wa huyo senge ambaye hata hakumwona, na mimi ushahidi wangu haukubaliki kwa sababu ni wa mama.

Wako utakubaliwa. Wewe hujawahi kumdanganya, hata wakati uongo ungemsaidia.

Najua unachoogopa. Unaogopa Kukhu, kwamba utamwaibisha, yeye ndiye mwita majina wa boma zima, na huyu ndiye mjukuu wa kwanza aliyemwitia jina. Mwambie polepole, akiwa amekula. Mwambie ni mimi nilificha. Anikasirikie mimi, nitavumilia, nimevumilia mengi ya boma hilo. Lakini siwezi kumwacha binti yangu akatae mtu anayempenda ili mama mkwe abaki na raha.

Barasa alikuja hapa kwangu jana akakaa kwa ndoo iliyopinduliwa, bila kutoa koti. Akasema, "Mama, mimi nangoja. Lakini wazee wangu wamesema mwezi ukiisha, wanatafuta kwingine." Mwezi umebaki wiki mbili.

Kwa hivyo vaa viatu. Nenda kwa kina Barasa wewe mwenyewe, usimtume mtu, uwaambie habari ya siafu mbele ya wale wazee wawili. Halafu mpigie Nasambu, umwambie ulichokiona kwa macho yako.

Nisalimie mama mchungaji, na kaka yangu fundi baiskeli pale sokoni, na wajomba wa watoto. Barua hii anakuletea yule mama wa mitumba anayesafiri kesho. Kwake atakaa siku moja tu, kisha anarudi huku. Mpe jibu mkononi. Sitaki habari ya mvua wala ya mahindi. Andika umeenda au hukuenda.

Ni mimi mke wako,
Mama Nasambu