Udhu wa Mama na Kufuli la Pipa

Jumatano, Garsen. Jua kali, upepo hakuna. Ndani yangu pia hakuna kitu. Naandika tu ili siku isipite bure.

Tangu bei ya maji ipande na bomba lianze kufunguliwa siku mbili tu kwa wiki, mimi ndiye askari wa pipa hapa nyumbani. Nimetia kufuli kwenye kifuniko. Kila mtu ana kopo lake la asubuhi. Maji ya kuoshea vyombo yanaenda chooni. Watoto wakinung'unika, nawaambia kila tone lina bei.

Nimelisema sana neno hilo.

Na maji yalidumu. Pipa la siku tatu likafika siku tano, nikawa najigamba kwa majirani kuwa haba na haba hujaza kibaba.

Mama yangu alihamia kwangu baada ya ukame kummalizia ng'ombe. Maisha yake yote aliteka maji kwa punda. Mtu kama huyo hafundishwi kubana maji. Mimi nilimfundisha.

Leo nimerudi mapema kutoka dukani. Nikamkuta chumbani, wakati wa adhuhuri, anapiga viganja kwenye sinia la mchanga, kisha anajipangusa uso na mikono. Anatayamamu. Huo ni udhu wa mgonjwa, au wa mtu aliyekosa maji kabisa. Mama si mgonjwa, na pipa liko hatua kumi kutoka mlangoni pake.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu kufuli. Nikamwambia maji si yapo, mama. Hakukasirika.

“Yapo,” akasema, “lakini ni ya anayenunua. Mimi mchanga unanitosha.”

Nilipogawa makopo, udhu wake sikuufikiria. Mara tano kwa siku anasali ndani ya nyumba yangu, na sikuufikiria. Najua naona aibu, ila ni kama aibu ya mtu mwingine. Hata kulia sijalia.

Nimelitoa kufuli. Nikajaza birika, nikaliweka mlangoni pake kabla ya alasiri.

Alitawadha, nilimsikia. Kisha akatoka polepole na birika lake, akamimina maji yaliyobaki ndani ya pipa, zaidi ya nusu, akafunika vizuri.

Kesho nitalijaza birika tena. Nitalijaza mara ngapi kabla mama hajaacha kunirudishia?