Jembe la Dukani Limekunjika Kaburini Kwako

Mtani wangu Gaudensi,

Shikamoo sikupi. Tulibatizwa siku moja, na kutangulia kufa si ukubwa.

Nakuandikia nimechukia. Tulianza kuchimba kaburi lako kwa jembe la dukani, lile jekundu la ng'ambo. Pigo la nne, likakunjika kama jani la tumbaku. Watu wakakohoa wasicheke. Mimi nilicheka, ndiyo kazi ya mtani. Dada yako Veneranda akaleta jembe ulilomfulia alipoolewa, limelika limebaki kama kijiko. Hilo ndilo lililokuzika.

Unamkumbuka yule bwana wa mjini aliyetuhutubia kwenye mkutano wa kijiji? Eti nchi tajiri na maskini zikiuziana bila vizuizi, zote zinashiba. Wao watuletee majembe, sisi tuwapelekee pamba na kahawa. Ukasimama na masizi yako ya uhunzi: "Bei ya jembe anapanga nani?" Akajibu, wao. "Na ya pamba?" Akafuta miwani. Wao pia. Ukasema, "Kweli, chui na mbuzi wote wanashiba, ila si kwa chakula kimoja."

Nilipiga makofi kuliko wote. Kesho yake nikanunua jembe lao. Rahisi, tena jekundu! Nikalificha kwenye nyasi za kuezekea. Ukaliona, ukalifunika tena. Heri ungenitukana, mtani. Baadaye kila nyumba ikawa na jekundu lake, nawe ukazima moto wa kiwandani mwako. Wa kwanza nilikuwa mimi.

Sasa sikia kichekesho. Duka la kijiji halina jembe hata moja. Nchi haina fedha za kigeni, wanasema. Mvua zinakaribia, shamba la ujamaa linatusubiri, mhunzi tumemzika. Ufipa hii, iliyoyeyusha chuma tangu mababu, inangoja jembe lije na meli! Na wewe ulikuwa na haraka ya nini? Miaka yote hukunifundisha ila kuvukuta moto!

Basi nimeshona mivukuto yako, panya walikuwa wameila. Nikafua springi ya lori bovu siku mbili, kikatoka kitu kama sikio la nguruwe. Veneranda akauliza, "Hilo jembe au ugonjwa?" Lakini limeingia ardhini, halikukunjika.

Lala, mtani. Mvua ya kwanza ikinyesha nitakuja kupalilia kaburi lako nalo, nimelibeba begani mchana, kila mtu aone. Ukichukizwa na sura yake, amka ulinyooshe.

Mtani wako mpiga makofi ya uongo,
Leonsi